Kisio Lililopandishwa Cheo: Helikopta ya Wanamaji wa Chile na Kitu cha Dakika Tisa

Saa 7 na dakika 52 mchana, Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2014, helikopta ya jeshi la wanamaji la Chile ilikuwa ikiambaa pwani kuelekea kaskazini, ikitokea upande wa bandari ya San Antonio, magharibi ya jiji la Santiago. Ilikuwa Cougar AS-532, helikopta nzito ya doria. Iliruka futi 4,500 juu, kama mita 1,370 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 245 kwa saa. Mchana ulikuwa safi na macho yalifika mbali. Pamoja na kapteni alikuwamo fundi aliyekuwa akiijaribu kamera ya joto aina ya WESCAM MX-15. Kamera ya namna hiyo hukaa ndani ya tufe linalozunguka nje ya helikopta, nayo haihitaji mwanga. Inachokisoma ni joto linalotoka kwenye vitu.

Fundi alikuwa akipiga picha za nchi kavu alipokiona kitu kushoto kwao, upande wa baharini. Akaigeuza kamera, akavuta karibu. Kwenye skrini ilitokea alama ya ajabu: mabonge mawili ya joto yaliyoshikana, bila mabawa, bila mkia, bila dirisha. Kapteni alieleza baadaye kwamba aliona umbo bapa, refu, lenye kama taa mbili za joto. Kwa macho yao kitu kile kilikwenda sambamba na helikopta, kwa kimo kilekile na mwendo uleule. Fundi akakisia kwamba kiko umbali wa maili 35 hadi 40, yaani kilomita 55 hadi 65.

Naomba usilisahau neno hilo, akakisia. Kisa chote kimejengwa juu yake.

Walifanya kila ambacho askari mwenye akili timamu angefanya. Waliwasiliana na vituo viwili vya rada, kimoja cha pale pwani na kingine cha mamlaka ya usafiri wa anga kule Santiago, DGAC. Vyote viwili viliiona helikopta bila shida. Vyote viwili vikajibu kwamba katika eneo lile hakuna chombo kingine, cha kiraia wala cha kijeshi, kilichopewa ruhusa ya kuwapo. Wakajaribu kukiita kile kitu mara kadhaa kwenye masafa ya kiraia ya kimataifa. Kimya. Kisha, dakika zikiwa zimeyoyoma, kitu kikatema nyuma yake mkia mrefu wa kitu kama moshi au mvuke, uliojitokeza wazi kwenye kamera ya joto. Baada ya muda kikatema tena. Halafu kikapotelea mawinguni, na helikopta ikarudi kituoni na mkanda wa dakika tisa na ushei.

Wengine wangeufungia mkanda kabatini. Chile ina utaratibu tofauti. Tangu 1997 nchi hiyo ilikuwa na kamati rasmi ya kuchunguza matukio ya angani yasiyoeleweka, ikijulikana kwa kifupi cha CEFAA, ndani ya DGAC, ambayo nayo iko chini ya jeshi la anga. Wakati huo mkuu wake alikuwa Ricardo Bermúdez, jenerali mstaafu wa jeshi la anga. Kamati haikuwa genge la watu waliozoea kukodolea nyota macho wakingoja wageni. Kazi yake ilikuwa usalama wa ndege: kama kuna kitu angani ambacho marubani wanakiona na hakuna anayekijua, kinaweza kugongana na ndege ya abiria, basi lazima kijulikane. Hoja hiyo mimi naiheshimu. Ni hoja bora kuliko ile ya visahani vya wageni kutoka sayari nyingine.

Jeshi la wanamaji likawakabidhi mkanda. Mashahidi wakahojiwa. Wataalamu wa picha wakautazama fremu kwa fremu na kusema haujachezewa. Mwanafizikia wa nyota akaulizwa, mkemia wa nyuklia akaulizwa, watu wa rada na wa hali ya hewa wakaulizwa. Wakaondoa kimoja baada ya kingine: si ndege mwenye mabawa ya manyoya, si mdudu, si droni, si parashuti. Uchunguzi ulichukua miaka miwili. Mwishoni jibu likawa kwamba kitu hakijulikani. Bermúdez akasema hawajui kilikuwa nini, wanachojua ni kile ambacho hakikuwa.

Januari 2017 mwandishi wa Marekani Leslie Kean akaitangaza habari hiyo, video ikawekwa hadharani, na dunia nzima ikaiona. Vichwa vya habari vilijiandika vyenyewe: jeshi, wanasayansi, miaka miwili, hakuna jibu.

Jibu lilipatikana chini ya wiki moja.

Wafaransa waliofika mlangoni wakarudishwa

Kabla ya kufika huko kuna kituo kimoja cha njiani ambacho wengi wanaosimulia kisa hiki hukipita mbio, nami nadhani ndicho chenye utamu wote.

Wakati uchunguzi ukiendelea, kamati iliwapelekea video wachambuzi wa Ufaransa wenye uhusiano na GEIPAN, kitengo cha shirika la anga la Ufaransa kilichopo Toulouse ambacho kimekuwa kikishughulika na mambo haya tangu 1977. Wafaransa wakatazama na kusema: hii ni ndege ya abiria. Mabonge mawili ya joto ni injini zake. Wakaongeza kwamba pengine ilikuwa inashuka kutua Santiago, na ule mkia ni maji machafu ya ndani ya ndege yanayomwagwa nje.

Kamati ikakataa, tena kwa sababu nzuri. Ndege inayoshuka kutua ingeonekana kwenye rada ya Santiago. Ingekuwa imeomba ruhusa. Ingejibu ilipoitwa. Na maji yanayomwagwa angani kwenye hewa isiyo na baridi kali yangeanguka chini kama maji, yasingeelea nyuma kama utepe.

Yote hayo ni kweli. Ndege inayotua na kumwaga maji haikuwapo. Lakini angalia kilichofanyika. Wafaransa walitoa mambo mawili ndani ya kapu moja: kwamba ni ndege ya abiria, na kwamba inatua huku ikimwaga maji. La pili lilikuwa bovu, kamati ikalitupa, na lile la kwanza likatupwa pamoja nalo. Hakuna aliyerudi kulitoa jalalani na kuuliza: je, kama ni ndege ya abiria lakini haitui? Je, kama inapaa?

Nimewahi kukaa kwenye vikao vya namna hii, vya mambo madogo zaidi, na najua jinsi inavyokuwa. Mtu anatoa wazo, linapigwa kwenye kona yake dhaifu, linaanguka, na kuanzia hapo kila atakayelitaja anaonekana hakusikiliza.

Namba zilizokuwa pembeni mwa skrini

Sasa hao waliotegua kitendawili. Walikuwa watu wa kujitolea, wamekusanyika mtandaoni kwenye jukwaa la Metabunk linaloongozwa na Mick West, mtunzi wa zamani wa programu za michezo ya kompyuta. Hawakuwa na rada wala cheo, na hakuna aliyewatuma. Walikuwa na video ileile na mazoea ya kutazama pembeni mwa picha badala ya katikati.

Kamera za aina hii huandika kwenye skrini maelezo mengi: saa, mahali ilipo helikopta, kimo chake, upande ambao kamera imeelekezwa na imeinama au imeinuka kiasi gani. Mtu wa kawaida hazitazami namba hizo, anatazama bonge jeusi linalosogea. Lakini namba hizo ndizo ushahidi. Ukijua mwangalizi yuko wapi na anatazama upande gani saa ngapi, unaweza kuchora mstari kwenye ramani. Kitu kinachotafutwa kiko mahali fulani juu ya mstari huo. Hujui kiko karibu au mbali, ila unajua hakiko nje ya mstari. Chora mwingine baada ya dakika moja, na mwingine tena, utapata kitu kama mbavu za mwavuli. Kitu chochote kinachodai kuwa ndicho lazima kikanyage mbavu zote, kila moja kwa saa yake.

Ndege za abiria nazo zina tabia moja inayosaidia. Kila moja hutangaza kwa redio, tena na tena bila kuchoka, mimi ni nani, niko wapi, nimepanda kimo gani. Watu duniani kote, wengi wao wapenzi wa ndege tu, huweka antena ndogo juu ya mapaa yao, huzinasa taarifa hizo na kuzituma kwenye tovuti zinazozitunza. Ndiyo maana leo mtu akiwa Kariakoo anaweza kushika simu na kujua ndege inayopita juu yake inatoka Doha au Addis Ababa. Kumbukumbu za Novemba 2014 zilikuwa bado zipo.

Wakaitafuta ndege. Ya kwanza waliyoishuku haikukaa sawasawa. Ya pili ilikaa: IB6830, Airbus A340 ya shirika la Iberia, safari ya kila siku ya Santiago hadi Madrid, ikiwa imetoka kuruka na ingali inapanda. Ilikanyaga mbavu zote za mwavuli, dakika kwa dakika. Pale kamera ilipogeuka, ndege ilikuwa imegeuka. Pale kwenye video kitu kilipotema mkia, ndege ilikuwa imefika kimo ambacho mkia unaweza kutokea.

Lakini ilikuwa mbali kuliko kile kilichokisiwa, na juu zaidi.

Yote yanadai umbali

Hapa ndipo kisio la fundi linaporudi. Kamera ya joto haipimi umbali kwa kutazama tu. Inaona joto, basi. Bonge dogo lililo karibu na bonge kubwa lililo mbali yanaweza kujaza nukta zilezile kwenye skrini. Jicho la mwanadamu nalo halina dawa, hasa angani na baharini ambako hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Jioni moja huko Kunduchi tulibishana na jamaa yangu kuhusu taa ya mvuvi wa dagaa. Mimi niliona ngalawa iko karibu kiasi cha kuitwa kwa mdomo. Yeye alisema ni mbali sana. Tulipoona taa nyingine ikipita mbele yake ndipo nikanyamaza.

Kwa hiyo fundi alifanya kile ambacho kila mtu angefanya, akatoa namba kutoka kichwani. Hapo hakuna kosa. Kosa lilikuja kwenye safari ya ile namba kupitia ngazi za jeshi na kamati. Ilitoka kwenye helikopta ikiwa kisio. Ikaandikwa kwenye ripoti. Ikasomwa na mtu wa rada. Ikafika mezani kwa wanasayansi ikiwa imevaa nyota begani, kipimo kamili, na hakuna aliyethubutu kuiuliza ilisomea wapi. Kisio lilikuwa limepandishwa cheo.

Ukishaikubali namba hiyo, mengine yote yanageuka maajabu yenyewe.

Chukua rada. Swali lililopelekwa kwenye vituo lilihusu eneo ambako kitu kilidhaniwa kiko. Watu wa rada walitazama pale, wakajibu kwa uaminifu: hapana kitu. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, pale hapakuwa na kitu. IB6830 ilikuwa kwingine, ikiwa na jina lake na namba yake, na ruhusa yake imeandikwa vizuri. Mwongoza ndege hana sababu ya kusema “labda mnamaanisha ile ya Madrid” anapoulizwa kuhusu chombo kisichojulikana, kwa sababu ile ya Madrid inajulikana. Ni sawa na kumuuliza mlinzi wa geti kama amemwona mgeni, wakati aliyepita ni mwenye nyumba.

Basi ukimya wa rada, ambao kamati iliushika kama ushahidi mzito kuliko wote, haukuwa ushahidi wa chochote zaidi ya kwamba swali limeulizwa kuhusu mahali pasipohusika.

Chukua mwendo na kimo. Mtoto aliyekaa dirishani kwenye basi la usiku la kwenda Mwanza anajua kwamba mwezi unamfuata. Kitu kilicho mbali sana hakirudi nyuma unapokwenda mbele, kinaonekana kuandamana nawe. Ukidhani mwezi uko juu ya mwembe ule pale, itabidi useme una mbio za basi. Kimo nacho ni hivyohivyo. Tuchukue mfano tu: kitu kilicho kilomita 100 mbele yako na kilomita nne na nusu juu yako, ukikitazama, kiko chini ya nyuzi tatu juu ya usawa wa macho. Nyosha mkono mbele, uweke vidole viwili kwa ulalo, huo upana ni zaidi ya hapo. Nani angesema kiko juu? Ungesema kama walivyosema wao, kiko kimo changu.

Umbo je? Injini ya ndege hutoa joto kali kiasi kwamba kamera ya joto iliyovutwa karibu hadi mwisho huzidiwa, kama jicho linapotazamana na taa za gari usiku. Huoni gari, unaona taa. A340 ina injini nne, mbili kila upande. Kwa mbali kila jozi inaungana kuwa bonge moja, na mabonge yakawa mawili, kama taa mbili za joto alizozieleza kapteni. Bawa na bodi vimemezwa na mng'ao. Wafaransa waliliona hili tangu mwanzo.

Kisha ule mkia, ambao naamini ndio uliowatisha zaidi, kwa sababu ulifanana na kitu kinachofanya jambo kwa makusudi. Sote tumeiona michirizi myeupe ambayo ndege za juu huiacha angani. Mingi hutokana na mvuke wa injini kuganda kwa baridi. Kuna aina nyingine inayotokana na bawa lenyewe: hewa inapopita juu ya bawa kanieneo lake hushuka, hupoa ghafla, na kama ina unyevu wa kutosha mvuke wake huganda kuwa wingu. Ndege inayopanda hupita matabaka ya hewa kama mtu apandaye ngazi. Tabaka hili kavu, hakuna mchirizi. Tabaka linalofuata lina unyevu, mchirizi unatoka. Linakwisha, unakatika. Linakuja jingine, unaanza upya. Kwa anayetazama toka mbali, chombo kimetema mara mbili.

Lakini kama ni barafu, mbona kamera ya joto iliuona? Kwa sababu kamera hulinganisha. Nyuma ya mchirizi kuna anga tupu, na anga tupu la juu ni baridi kupindukia machoni pa kamera. Wingu lolote, hata la chembe za barafu, hutoa joto kuliko utupu ulio nyuma yake. Kwa hiyo linajichora. Anayedhani kila kinachoonekana kwenye kamera ya joto ni cha moto ataapa ameona gesi inayowaka.

Haya yote kamati ingeweza kuyajua. Wanafizikia walikuwapo. Ila kila mmoja aliulizwa swali la upande wake akiwa tayari amepewa umbali. Mtu wa hali ya hewa ukimwambia kitu kiko chini, kwenye hewa isiyo na baridi kali, atakujibu kweli kwamba michirizi haitokei hapo.

Ndugu wa kisa hiki

Ukishauona mchezo huu mara moja, unautambua kwingine. Tarehe 5 Machi 2004 ndege ya jeshi la anga la Mexico, Merlin C-26A iliyokuwa ikitafuta wasafirishaji wa dawa za kulevya, ilinasa taa 11 kwa kamera ya joto karibu na jimbo la Campeche. Macho ya wafanyakazi wa ndege hayakuona kitu. Taa zilionekana kuifuata ndege, zikitokea na kupotea mawinguni. Mwezi Mei mwaka huo wizara ya ulinzi ilikubali mkanda utangazwe, na ukatangazwa kwa shangwe. Waliochunguza baadaye wakachora mistari kwenye ramani, kama ile ya Chile. Mistari ilikwenda baharini hadi kwenye visima vya mafuta vya Cantarell, ambako gesi ilikuwa ikichomwa juu ya minara usiku na mchana. Mawingu yaliyo katikati ndiyo yaliyokuwa yakipita na kuzifunika. Mioto ilikuwa imesimama pale tangu zamani. Ni ndege iliyokuwa ikienda.

Na kamati ya Chile yenyewe ilikuwa na deni la nyuma. Novemba 2010, kwenye sherehe ya jeshi la anga katika kituo cha El Bosque mjini Santiago, watu walipiga video za ndege za maonyesho, na baadaye kwenye picha hizo vikaonekana vidude vyeusi vinavyokatiza kwa kasi isiyoaminika. Mwaka 2012 kamati iliviwasilisha kama kisa kizito. Wachambuzi wa nje walivitazama na kusema ni wadudu waliopita karibu na lenzi. Hapo kosa lilikuwa kinyume cha lile la helikopta: kitu cha karibu kimechukuliwa kuwa cha mbali, na mdudu akapewa mwendo ambao hakuna injini inayouweza. Umbali tena.

Sitaki nieleweke kwamba nawacheka. Kapteni na fundi waliripoti walichokiona kwa ukamilifu, bila kuogopa kuitwa wendawazimu, na rubani anayeripoti ni bora mara mia kuliko anayemeza. Na kuna jambo ambalo kamati ya Bermúdez inastahili kupewa shukrani zake zote: waliitoa video nzima, pamoja na namba zake za pembeni. Mficha uchi hazai. Jeshi jingine lingeikata, likaziba namba kwa kisingizio cha siri, na leo tungekuwa na bonge la joto lisilo na saa wala mahali, ambalo hakuna mtu duniani angeweza kulitegua. Kuna video kadhaa za kijeshi za nchi nyingine, maarufu kuliko hii, ambazo zinabishaniwa hadi kesho kwa sababu hiyohiyo: tumepewa katikati ya picha, tukanyimwa pembeni.

Kinachonishangaza ni kwamba kumbukumbu za safari za ndege za siku ile zilikuwa mikononi mwa DGAC yenyewe. Kamati ilikuwa idara ndani ya taasisi inayoongoza kila ndege inayoruka Chile. Ilikuwa ni suala la kushuka korido. Badala ya kuuliza kama kuna kitu kilomita 60 kutoka kwenye helikopta, kuuliza ndege zote zilizokuwa angani upande ule, umbali wowote, kati ya saa 7 na nusu na saa 8 na robo. Lakini nani angeuliza “umbali wowote” wakati umbali umeshaandikwa kwenye faili, una muhuri?

Kuna kipande kimoja cha kisa ambacho hunirudia kila nikikisoma, kile cha redio. Helikopta inaita, mara moja, mara ya pili, chombo kisichojulikana kilicho mahali fulani, jitambulishe. Hakuna jibu. Kwenye ripoti inasomeka kama kitu cha kutisha, kitu kisichotaka kusema. Marubani wa IB6830 dakika hizo walikuwa kazini na tani za mafuta ya kuwavusha zaidi ya kilomita 10,000, wakipanda huku wakizungumza na waongozaji wao wa Santiago kama kawaida, wakitaja namba ya safari yao katika kila sentensi. Hata kama wito wa helikopta uliwafikia masikioni, ulikuwa unamtafuta mtu mwingine, aliye kwingine.